Tupeane uzoefu: kujitolea kwenye klabu ya kompyuta hapa Kigoma, kilikukuta nini?

Mleta mada

Wakuu, mwakeye! Na ambao si wa huku, salamu zenu pia.

Kila Jumamosi saa nane mchana tunakutana wachache kwenye chumba cha kuazima pale Mwanga. Meza ndefu mbili, soketi moja iliyo hai, na boksi la nyaya ambalo hakuna anayekumbuka lilianzaje. Tunatengeneza mashine za watu bure, tunafundisha anayetaka, na shule ikituita tunakwenda. Wiki iliyopita kijana mmoja mgeni kaniuliza, "Kaka, hivi nyie mnapata nini hapa?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikajikuta namsimulia habari za mijusi. Ndiyo maana nimeleta huu uzi. Kila mtu aseme kilichomkuta, kizuri au cha aibu. Hotuba za "kuijenga jamii" tuwaachie wenye maikrofoni.

Naanza mimi. Kuna sekondari moja nje kidogo ya mji ilipewa kompyuta 14 za msaada. Zilikuja na Windows XP, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta ambao Microsoft waliacha kuuhudumia Aprili 2014, na muda mrefu zilikuwa stoo zimefunikwa turubai. Tulipofungua ya kwanza, ndani ya pawasaplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, kulikuwa na mjusi kakauka kama dagaa wa siku tatu juani. Ya pili mayai ya mjusi. Ya tatu nyigu walishajenga nyumba ya udongo juu ya feni, nyumba safi kabisa, mtu unaona haya kuivunja.

Tukachangua. Ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine) toa huku, diski toa kule, marehemu akamchangia majeruhi, jioni tukawa na nane zinazowaka. Zilizofikisha ramu ya gigabaiti 2 tukazipiga Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, ile nyepesi ya Xfce. Kwa kuwa shule haina intaneti ya maana, tukaweka Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza ndani yake, watoto wasome bila bando.

Sasa mashine ya mwalimu, yenye modemu, ikawa haifungui tovuti hata moja. Kila ukurasa: muunganisho si salama. Mwalimu alishanunua bando mara tatu akidhani mtandao unamla. Nikatupa jicho pembeni chini, saa ya mashine inasoma Januari 2009. Betri ya ubao mama imekufa, ile CR2032 ya volti 3, duara kama sarafu. Tovuti huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine iliyoganda 2009 inaona cheti hicho hakijazaliwa bado, basi inakikataa. Tukabadili betri kwa bei ya soda mbili, tukarekebisha saa, kurasa zikafunguka.

Mwalimu akanyamaza kidogo. Kisha: "Kwa hiyo bando zote zile nilikuwa nalipia kosa la betri?"

Haya, karibuni.

Mwana Kibirizi

Mkuu hiyo ya nyigu nimecheka peke yangu kwenye bajaji.

Mimi nilipewa darasa la wavuvi. Mara ya kwanza nikapanga Jumatano jioni, nikabandika tangazo pale mwaloni. Hakuja mtu. Jumatano ya pili, hakuna. Nikaanza kulaumu watu kwamba hawapendi elimu. Mama yangu, ambaye ameanika dagaa tangu sijazaliwa, ndiye aliyenizindua: "Wewe mtoto wa wapi? Jioni ndiyo wanaandaa taa. Subiri mbalamwezi."

Ni kweli. Dagaa wanavuliwa kwa taa gizani. Mwezi ukijaa ziwa zima lina mwanga, dagaa hawakusanyiki kwenye taa yako, na watu wanalala nyumbani. Tangu hapo ratiba ya darasa langu haifuati siku za wiki, inafuata mwezi. Wenzangu wa klabu walinicheka, lakini siku ya mbalamwezi ya kwanza walikuja tisa na viti vilikuwa sita.

Nilifundisha kitu kimoja tu: hesabu za chombo kwenye jedwali la LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi. Safu ya kwanza tarehe, ya pili mauzo, ya tatu mafuta, ya nne betri na matengenezo ya taa, ya tano kinachobaki. Nikawaonyesha ukiandika =B2-C2-D2 kisha ukakamata ile kona ya kisanduku ukaivuta chini, jedwali lote linajijaza. Jamaa mmoja mtu mzima, mikono mikavu kwa kamba na chumvi ya dagaa, aliivuta, akaifuta, akaivuta tena. Mara nne. Mara ya tano akamwita mwenzake aje aone, akamwambia, "Angalia, inashuka yenyewe kama nyavu."

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa Mei 15 mpaka Agosti 15, darasa likajaa mpaka mlangoni. Watu hawana kazi, miezi mitatu wako nchi kavu. Huo ndio msimu nilioogopa, maana njaa na mafunzo havikai chumba kimoja. Siku nyingine mtu anaondoka katikati kwa sababu kaitwa kubeba mizigo bandarini. Sikumkatalia mtu. Nikawa narudia somo lile lile mpaka nikalichoka mwenyewe.

Kilichonipa tabu ni kingine. Kijana mmoja alijaza jedwali la miezi miwili la chombo anachofanyia kazi, akaenda nalo kwa tajiri wake siku ya mgao. Kilichotokea huko sikukiona. Nilichokiona ni tajiri mwenyewe amesimama mlangoni kwetu Jumamosi, akauliza kwa upole kabisa ni nani anawafundisha watu wake hesabu zake. Tukamkaribisha chai. Tukamwonyesha jedwali. Alikaa saa nzima. Alipoondoka aliomba afundishwe na yeye, ila peke yake, mlango umefungwa. Nikamfundisha.

Fundi Mwanga

Naomba niseme ambalo wengi hawasemi. Mimi ni fundi, nina kibanda, nalipa pango, nalipa leseni. Nyie mkianza kupiga Windows bure kila Jumamosi, mteja wangu wa elfu kumi ananiambia "ngoja niende klabu". Mnajitolea kwa mfuko wa nani?

Mleta mada

Fundi umesema haki, na hili tuligombana kweli kweli, waliokuwepo watashuhudia. Kuna Jumamosi moja tulihudumia laptopu za ofisi, mtu kaja na mashine mpya na gari lake nje. Tulijisikia wajinga baadaye. Sasa utaratibu ni huu: bure ni mwanafunzi, mzee, shule, na vikundi vya dini au vya akina mama. Ofisi na mwenye duka tunamwelekeza kwenu. Na kazi ya kuchomelea, skrini na soketi ya chaja hatugusi kabisa, hata akilia, kwa sababu wengi wetu tukishika kichomeo tunaharibu.

Fundi Mwanga

Hapo sawa. Na nikubali pia kwamba ramu mliyonipa mwezi juzi ilinitoa aibu. Jumamosi nikipata nafasi nitapita niwaonyeshe namna ya kushika hicho kichomeo, maana mnavyokieleza mnanitia hofu.

Aliyefomati

Sijawahi kuisimulia hii nje ya klabu. Mniwie radhi ikiwa ndefu.

Kwaya ya kanisa fulani walileta kompyuta yao, nzito, inajizima. Nikapima, nikaona hakuna dawa isipokuwa kupiga Windows upya. Nikamuuliza kijana aliyeileta, "Mmehamisha vitu vyenu?" Akaitikia "Ndiyo kaka." Nikafomati diski nzima, ile fomati ya haraka. Kumbe yeye alielewa nauliza kama wamehamisha viti na vipaza sauti kutoka chumba kile.

Rekodi za miaka 11, wakuu.

Mwalimu wa kwaya, mzee mstaarabu sana, alikuja jioni ile, akakaa, hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Aliuliza tu, "Za Pasaka pia?"

Bahati yangu moja: nilikuwa sijaanza kuweka Windows mpya. Fomati ya haraka haisugui diski, inafuta orodha ya yaliyomo tu, na vitu vinabaki palepale mpaka kingine kiandikwe juu yake. Nikachomoa diski, nikaitundika kwenye mashine nyingine kama diski ya pili, nikaiachia PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, usiku kucha. Inaokoa faili kwa kutambua sura ya data, lakini jina la faili haliwezi kulirudisha. Asubuhi nikakuta rekodi mia saba na kitu, zote zinaitwa f na tarakimu nyingi nyuma yake. Hujui ipi ni ibada, ipi ni mazoezi, ipi ni mtu kasahau kuzima mashine na anazungumzia bei ya mchele.

Kwa hiyo wiki mbili, kila jioni, mimi na yule mzee tulikaa tukisikiliza. Mimi nabonyeza, yeye anataja jina, mimi naandika. Sekunde tatu zilimtosha. Mara nyingine hata wimbo haujaanza, ni watu wanavuta pumzi tu, naye kasema, "Hii Pasaka, kanisa la zamani, sikia mabati." Mvua ilikuwa inapiga. Kuna moja aliniambia nisimame. Sauti ya kike mbele ya wengine wote. Akasema huyu tulimzika, akaomba turudie. Tuliirudia, kisha akataja jina la wimbo nikaandika.

Zilirudi kama robo tatu. Nyingine zilitoka zimekatika, au kelele tupu.

Sasa hivi siulizi tena "mmehamisha". Namwambia mwenye mashine, "Nionyeshe kwa macho yangu mahali pengine vilipo, fungua moja, icheze." Asipoweza kunionyesha, siigusi. Vijana wapya wananiona mnoko, nawaacha waone hivyo.

Mama Stesheneri

Pole sana mwanangu, hiyo ni kubwa.

Yangu ndogo. Dukani kwangu kila flashi inayoingia inatoka na vishale vidogo, mafaili yamegeuka njia za mkato, wateja wanalia tasnifu zimepotea. Nilikuwa nawaambia zimefutika, poleni. Ni hawa vijana wa klabu walionifundisha kwamba kirusi kile hakifuti, kinaficha. Waliniandikia amri ya attrib -h -r -s /s /d kwenye karatasi ngumu, nikaibandika ukutani karibu na mashine ya fotokopi. Watoto wa chuo wananiita daktari. Na sitozi, ukikutwa na balaa hilo dukani kwangu mimi ndiye niliyekuambukiza.

Ila mawese na kibodi, hapana. Yule kijana aliyekula mgebuka kwenye mashine yangu siku mliyokuja kunisaidia, anajijua.

Mstaafu wa Reli

Shikamooni nyote mnaonistahili, na marahaba kwa wengine.

Mimi sijitolei, mimi ndiye niliyejitolewa. Nimeandikiwa na mjukuu haya ninayosema. Nilikwenda kujifunza nijue kusoma barua zangu mwenyewe, maana kila nikitaka kuingia humo namlipa kijana na nywila yangu anaijua yeye kuliko mimi. Siku ya kwanza binti aliyenifundisha akasema, "Babu, peleka kipanya juu." Nikakinyanyua mezani. Hakucheka. Akasema, "Ndiyo, lakini bila kukiinua." Nilifanya kazi ya reli maisha yangu yote, Kigoma kwenda Tabora kwa mabehewa, na hicho kidude kisicho na magurudumu kilinishinda wiki tatu.

Alinipa mchezo wa karata wa kompyuta. Nilidhani ananidharau. Kumbe ndiyo dawa, unakokota karata bila kujua unajifunza kukokota. Nywila nimebadilisha mwenyewe, na yule kijana kaninunia.

Jirani wa Radi

Mvua zimekaribia, niwakumbushe la mwaka jana. Mkisikia inaunguruma msichomoe waya wa umeme peke yake. Sisi tulichomoa umeme tukajisifu, tukausahau waya wa mtandao uliotoka kwenye mnara wa jirani. Radi ilipita humo humo, ikala ruta na mashine mbili zilizokuwa zimezimwa kabisa. Watu wa mbali wakisikia Kigoma na radi wana maneno yao. Sisi tulikuwa na waya wa bluu umechomekwa, basi.

Mwana Kibirizi

Na kuna waliosema tumerogwa na fundi.

Fundi Mwanga

😂 Nilipata kazi mbili siku ile, lakini si mimi.

Mleta mada

Uzi uendelee. Nina la haraka tu. Windows 10 imefikia mwisho wa huduma tangu Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi za shule haziingii Windows 11, kwa hiyo foleni itakuwa ndefu. Tunatafuta ramu za DDR3 (aina ya zamani kidogo) za laptopu, hata gigabaiti 2, na adapta yoyote ya volti 19 isiyo na mwenyewe. Aliyefomati atakuwa mlangoni anakagua nakala, mjiandae kukaguliwa.

Darasa la wavuvi Jumamosi hii linaendelea mpaka usiku, mwezi unajaa. Mwenye viti aje navyo.