Mradi wa ubunifu wa fani mchanganyiko chuoni, tufanyeje usiishie kwenye maonyesho tu?

binti_wa_tandale:

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu hasa nyie mliowahi kupita kwenye hizi kozi za ubunifu wanazochanganya watu wa fani mbalimbali. Semista hii chuo kimetugawa kwenye makundi, kundi letu lina watu wa uhandisi ujenzi, usanifu majengo, mazingira, sosholojia na mmoja wa kompyuta, tumepewa tatizo la mafuriko na taka kwenye mitaro huku Tandale, Dar es Salaam, karibu na Mto Ng'ombe na mwisho wa semista tunatakiwa tuoneshe suluhisho kwenye maonyesho. Mimi nimekulia hukuhuku kwahiyo linanigusa, masika ikianza mama anapandisha magodoro juu ya kabati kabla hata maji hayajafika mlangoni.

Shida kila mtu anavutia kwake. Mhandisi anataka apige hesabu ya mtaro mpana basi, wa kompyuta keshaanza kutengeneza app ya kuripoti taka, usanifu wanachora picha nzuri kwelikweli za bustani pembeni ya mto, na dada wa sosholojia kaambiwa aandae hojaji kana kwamba yeye ni karani wetu. Mtaani kama kundi hatujakanyaga hata mara moja na wiki ijayo lekchara anataka "wazo". Miaka ya nyuma makundi yametengeneza vitu vizuri, watu wakapiga picha wakapewa vyeti, vitu vikaenda stoo. Sitaki na sisi iwe hivyo. Kuna mtu ameshaona hii elimu ikizaa kitu kinachotumika kweli? Ilifanyikaje?

---

fundi_sakina:

Dada, karibu. Mimi niko Arusha, nachomelea vyuma, chuo sijasoma ila haya mambo nimeyaona kwa karibu kwasababu huku kwetu yana historia.

Kuna mama mmoja anaitwa Amy Smith wa chuo cha MIT Marekani, alianzisha D-Lab mwaka 2002, darasa ambalo wanafunzi wa fani tofauti wanafanya kazi na jamii zenye kipato kidogo. Mwaka 2007 wakaanzisha mkutano wa kubuni unaitwa IDDS, na hapo ndo mimi nawapa heshima, maana hawakuita wahandisi peke yao, waliita wakulima, manesi, mafundi, walimu, wanafunzi, wote wanakaa meza moja wanashika msumeno. Mwaka 2014 ukafanyika hapa Arusha. Bernard Kiwia alianza kama fundi baiskeli wa hapahapa, akapita huko, leo ni mbunifu anayejulikana, na ni mmoja wa waanzilishi wa Twende, karakana ambapo wanafunzi na watu wa mtaani wanajifunza kubuni kwa kutengeneza vitu kwa mikono yao.

Kwenye mafunzo yao kuna zoezi dogo hulisahau. Unapewa kipande cha bati, unakikata na kukikunja mpaka kinakuwa duara lenye meno kwa ndani, unaingiza gunzi la mahindi unazungusha, punje zinadondoka. Mama mkulima anakitengeneza mwenyewe, akitoka pale hamuangalii tena msomi kama mtu anayemletea msaada, anamwambia "hapa meno yako makubwa, yanavunja punje". Nyie wiki ya kwanza mkae na wakazi mtengeneze kitu kimoja kidogo pamoja, hata koleo la kuzolea tope la mtaro. Mtajua mengi kuliko hojaji.

Na mfano mwingine ni kile kiti cha magurudumu cha mikono mirefu, wenyewe wanakiita Leveraged Freedom Chair. Amos Winter alikuja Tanzania 2005 akiwa mwanafunzi wa MIT hiyohiyo kuangalia hali ya watu wanaotumia viti vya magurudumu. Kiti cha kawaida kinakwama kwenye mchanga na matuta, baiskeli ya mikono haiingii ndani ya nyumba. Wakabuni kiti chenye mikono miwili ya chuma ya kusukuma, ukishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima, ukishika chini unapata mwendo, mashine nzima imejaa spea za baiskeli, cheni na gia zilezile, kwahiyo fundi baiskeli yeyote kijijini anakitengeneza. Ila sasa, kilipojaribiwa huku Afrika Mashariki watumiaji wakasema kizito, kipana, tena sisi muda mwingi tuko ndani ya nyumba, sio barabarani tu. Wakarudi wakakifumua upya. Kama wasingewasikiliza kingekuwa chuma cha maonyesho.

---

nesi_wa_zamu:

Naongezea kwa upande wa hospitali maana hapa watu wanadhani kubuni ni kwa ajili ya mafundi tu.

Kichanga akizaliwa kabla ya wakati mapafu yanasinyaa kila akitoa pumzi. Kuna mashine ya kumsaidia inaitwa CPAP, inasukuma hewa taratibu puani ili mapafu yasifunge kabisa. Zile za viwandani bei yake hospitali nyingi za kwetu haziwezi. Wanafunzi wa Chuo cha Rice, Houston, wakapewa hilo tatizo na walimu wao Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden, wao wakishirikiana na madaktari wa watoto wa Malawi. Modeli ya kwanza waliitengeneza kwa boksi la plastiki na pampu za tanki la samaki. Kanuni yake mimi naipenda kwasababu unaiona kwa macho: ncha ya mrija wa kutolea hewa inazamishwa kwenye chupa ya maji, ukiuzamisha sentimita 6 basi shinikizo la hewa kwa mtoto ni la sentimita 6 za maji. Nesi hahitaji kusoma kioo chochote, anaangalia mrija umefika wapi na povu linatoka au halitoki. Povu likikata anajua kuna sehemu hewa inavuja.

Ilipojaribiwa Hospitali ya Queen Elizabeth pale Blantyre, matokeo yalitoka 2014, vichanga waliowekewa walipona 71 kwa mia, wale waliopata oksijeni ya kawaida ni 44 kwa mia. Hao ni watoto wenye majina na mama zao.

Sasa angalia nani alikuwa ndani. Wahandisi, madaktari, manesi, na watu wa kupanga mafunzo, maana mashine bila nesi aliyefundishwa kumfunga mtoto kofia na mirija vizuri haifanyi kitu. Yule dada wenu wa sosholojia msimfanye karani jamani. Yeye ndo anajua kukaa na mtu akaongea ukweli. Hojaji ikija na maswali ambayo mhandisi keshajibu kichwani, wakazi watawajibu mnachotaka kusikia halafu watarudi kwenye shughuli zao.

---

mtu_wa_maji:

Mimi naomba niwaonyeshe upande wa pili, sio kuwavunja moyo, ila nimefanya kazi za visima miaka mingi na hili linaniuma.

Mnaikumbuka PlayPump? Bembea ya kuzunguka ya watoto iliyounganishwa na pampu ya kisima, watoto wakicheza maji yanapanda kwenye tanki, na tanki limebandikwa matangazo ya biashara ili yalipie matengenezo. Ukiisikia mara ya kwanza unasema hii ni akili kubwa. Mwaka 2000 ikapata tuzo ya Benki ya Dunia, 2006 ikatangazwa Marekani kwamba kuna dola milioni 16.4 za kuisambaza na lengo lilikuwa pampu 4,000 Afrika kufikia 2010. Ikaja kugundulika kwamba watoto hawachezi saa ambazo nyumba inahitaji maji. Alfajiri nani anacheza? Kwahiyo kina mama wakawa wanaisukuma kwa mikono, kina bibi, kina mama wajawazito, wanainama na kuzunguka nayo wakati pampu ya mkono ya kawaida ilikuwa rahisi kuliko hiyo. Ikiharibika fundi wa kijijini haiwezi, anasubiriwa mtu wa kutoka mbali. Na sehemu zingine pampu ya zamani iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa imeng'olewa kupisha hii.

Mhandisi alikuwepo, pesa zilikuwepo, matangazo yalikuwepo. Mama anayebeba ndoo ndo hakuulizwa. Kwahiyo kwa huyo kijana wa kompyuta na app yake, naomba mumuulize kwa upendo kabisa: taka ikiripotiwa, nani anakuja kuizoa, kwa gari lipi, na analipwa na nani? Akikosa jibu hilo hiyo app aiache kwanza.

---

mwana_amu:

Salaam kutoka Lamu. Nimesoma hapo juu nikaona niseme la kwetu. Mwalijua jahazi la Flipflopi? Lilishushwa majini Septemba 2018, mita 9, limeundwa kwa plastiki iliyookotwa, karibu tani 10, na ubavuni limefunikwa kwa ndara kuukuu 30,000. Mwanzo wa 2019 likasafiri mpaka Unguja.

Wengi huona zile rangi tu. Mimi nataka muone kazi ya mafundi. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda, mtu wa hapa, kazi ya vyombo kairithi kwa wazee. Plastiki haina nyuzi kama mti, hupinda, jua likipiga hutanuka, ni nzito, na misumari haiishiki kama mbao ishikavyo. Kitabu cha jambo hilo hakikuwepo. Ikabidi watu wa plastiki watoe ubao, mafundi waukate kwa zana zilezile za kuundia jahazi, waseme huu wafaa kwa mkuku (ule uti wa chini wa chombo), huu haufai, warudi tena. Fundi jahazi pale hakuwa mtu wa kupewa mchoro atekeleze, elimu yake ilikuwa ni fani sawa na uhandisi. Kwenye kundi lenu naona fani tano zote za chuo. Wazoa taka wa mtaani mbona hawamo? Wale wajua chupa ya aina gani yauzwa na mfuko gani haununuliwi na mtu, nao ndio unaoziba mtaro.

---

ramani_na_mitaro:

binti_wa_tandale nakuandikia kwa furaha maana Tandale yenyewe ndo ilikuwa ya mwanzo. Mwaka 2011 wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale walichora ramani ya kata nzima kwenye OpenStreetMap, ile ramani huru ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichorea, kabla ya hapo vichochoro vile havikuonekana kwenye ramani yoyote ya kueleweka. Halafu 2015 ukaja mradi wa kuchora ramani unaitwa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia kata zinazofurika, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia wakiwa nyuma. Mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi hao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unatembea na mkazi, mnaufuata mtaro toka mwanzo mpaka unapomwaga, mnapima kina na upana, mnaandika ni wa zege au wa udongo, umeziba au haujaziba. Kisha unaingia kwenye nyumba unamuuliza mzee, maji ya mafuriko yale makubwa yalifika wapi? Anakuonyesha ukutani, hapa. Mara kiunoni, mara kifuani. Unapima toka chini mpaka kwenye alama ya mkono wake. Wa mipango miji alikuwa anaona barabara, mhandisi anaona mtelemko, ila mkazi ndo alikuwa anatuambia kwamba huu mtaro unaouona mkavu maji yake yanatoka mtaa wa juu walikojenga ukuta. Ukuta huo kwenye picha ya setilaiti haukutuonyesha chochote.

Zile data ziko wazi mpaka leo, mtu yeyote anapakua bure. Msianze upya kupima kila kitu, chukueni ramani iliyopo, ichapeni kubwa, muitandike chini kwenye ofisi ya serikali ya mtaa muwaite watu waichore juu kwa kalamu, nini kimebadilika tangu hapo. Kundi lote liwepo, hata wa kompyuta. Wazo la wiki ijayo litatoka hapo, na kama halijatoka mwambieni lekchara kwamba wiki ijayo mtaleta tatizo lililoeleweka. Mwalimu mzuri atakubali, hata kule kwenye bonde la Msimbazi mpango wake 2018 ulitengenezwa kwa vikao vya wakazi, wahandisi na taasisi za serikali kukaa pamoja wakichora, miezi na miezi, kabla mtu hajasema tujenge nini.

---

binti_wa_tandale:

Asanteni sana wote, nimewasomea wenzangu kwenye grupu la WhatsApp, wa kompyuta kakubali kuisimamisha app na ndo anapakua ramani sasa hivi. Tumekubaliana Jumamosi twende wote. Swali la mwisho: tunaingiaje bila kuonekana tunawapotezea watu muda? Huku watu wameshahojiwa wee wamechoka, mama yangu mwenyewe akiona mtu ana karatasi anafunga mlango. Na wazoa taka wakija kukaa na sisi siku nzima hawapati hela ya siku hiyo.

---

ramani_na_mitaro:

Anza na mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, barua ya chuo mkononi, halafu mjumbe wa shina awatembeze, usimruke mjumbe hata kama mnafahamiana. Wazoa taka walipeni posho sawa na wanachopata kwa siku, ulizeni kwanza ni kiasi gani, na iingizeni kwenye bajeti ya mradi waziwazi kama mnavyoingiza hela ya rangi na mbao. Chuo kikikataa, fanyeni kikao saa wanazopumzika, huko ni mchana jua likiwa kali, na kiwe kifupi. Vipimo mtakavyopata muwaachie nakala ofisi ya mtaa siku hiyohiyo, kwa Kiswahili, na majina ya waliosaidia yaandikwe kwenye ripoti pamoja na yenu.

fundi_sakina:

Na kwenye maonyesho hao watu wawepo wasimame mbele waeleze wenyewe. Hilo muombeni lekchara mapema aliweke kwenye maksi, msisubiri mwisho.

binti_wa_tandale:

Sawa. Barua naifuata kesho asubuhi ofisi ya idara, na mjumbe wetu nampigia usiku huu.