Astaire na masizi usoni: kipande kile kionyeshwe au kikatwe?

Mleta mada:
Wakuu, kila nikimsifia Fred Astaire, yule mzungu mcheza dansi wa filamu za zamani za Hollywood, hapakosi mtu wa kuniuliza, "Na yale masizi?" Anazungumzia Swing Time, filamu ya 1936 aliyocheza na Ginger Rogers. Mle kuna dansi iitwayo Bojangles of Harlem. Astaire kajipaka masizi usoni ili aonekane mtu Mweusi, na baadaye anacheza mbele ya vivuli vyake vitatu vikubwa ukutani. Vivuli vinamfuata hatua kwa hatua, kisha vinashindwa kasi yake na kujiondokea. Kiufundi ni kazi ya kutisha, na Hermes Pan aliyeipanga aliteuliwa kuwania Oscar kwa ajili yake.

Msimamo wangu: kionyeshwe chote, ila mtazamaji aambiwe mapema anachokwenda kuona. TCM, televisheni ya Marekani ya filamu za zamani, ilifanya hivyo 2021 katika mfululizo wake wa Reframed, na Swing Time ilikuwamo. Kuacha kumpenda Astaire, hapana. Huyu ndiye aliyeng'ang'ania kamera imwonyeshe kuanzia utosini hadi kwenye viatu, na dansi ipigwe picha kwa mkupuo mrefu bila kukatwakatwa, ili mtazamaji asichezewe kiini macho. (Watengeneza video za siku hizi, mpo?) Haya, nishambulieni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unakuza jambo. Astaire alikuwa anamuenzi Bill Robinson, mcheza dansi Mweusi aliyejulikana kama Bojangles. Angetaka kumdhihaki angetoa macho na kukenua meno kama walivyofanya wengine wa enzi zile. Hakufanya. Alicheza kwa heshima, na wajuzi wa dansi wanasema staili ile inafanana zaidi na ya John Bubbles, Mweusi mwingine aliyemvutia. Mkianza kuweka maelezo mbele ya kila filamu ya zamani, watoto watabaki kusoma maelezo.

Mchangiaji wa pili:
Kumuenzi mtu kwa kujipaka rangi ya ngozi yake? Nikuulize, mwaka 1936 Robinson alikuwa wapi? Alikuwa hai, ana miaka 58, na anafanya kazi Hollywood hukohuko! Mwaka uliotangulia alipanda ngazi akicheza na mtoto wa kizungu Shirley Temple katika The Little Colonel, na pale waliposhikana mikono palikatwa filamu ilipopelekwa majimbo ya Kusini mwa Marekani, kwenye ubaguzi mkali wa rangi. Kwa hiyo mwenye jina alikuwepo, ila nafasi aliyopewa ni ya mtumishi wa nyumbani anayemchangamsha binti wa wenye nyumba. Jina lake likaingia kwenye wimbo, dansi akacheza mwingine. Hadi anapata filamu ya studio kubwa ambayo yeye ndiye mhusika mkuu, Stormy Weather ya 1943, amefika miaka 65.

Na tukija kwenye miguu yenyewe, maana mnaosema "enzi ya dhahabu" mnapenda kuishia kwa Astaire na mzungu mwenzake Gene Kelly, yule wa Singin' in the Rain, itazameni hiyohiyo Stormy Weather karibu na mwisho. Cab Calloway yuko na bendi yake, wanaingia ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas. Wanaruka katikati ya wapiga vyombo, kisha wanafika kwenye ngazi kubwa. Mmoja anamruka mwenzake na kutua msamba kwenye ngazi ya chini, naye aliyerukwa anainuka, anamruka, anatua msamba. Hivyohivyo hadi chini, na wanainuka bila kushika kitu. Hawakuwahi kusomea dansi darasani. Fayard alijifunza kwa kuwatazama wachezaji jukwaani, wazazi wao wakiwa wanamuziki, akamfundisha mdogo wake. Inasimuliwa kwamba Astaire mwenyewe aliwaambia hajaona dansi bora kuliko ile katika filamu.

Sasa nitajieni filamu ya studio kubwa ambamo ndugu hawa ndio hadithi yenyewe, wana mapenzi na visa vyao kama Astaire na Ginger. Walikuwa wanaingia, wanawasha moto, wanatoka. Mwimbaji Mweusi Lena Horne kule studio ya MGM vilevile: mara nyingi anaimba wimbo wake pembeni ya hadithi, ili wenye sinema wa Kusini wakitaka kumtoa wamtoe bila kuharibu kitu.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi Gene Kelly simwachi, mvua inyeshe isinyeshe.

Mleta mada:
Hapo kwa Lena Horne ndipo ninaposimama. Walioshika mkasi ndio waliowafuta watu Weusi kwenye filamu zile. Leo tuuchukue mkasi uleule tukate na ushahidi wa walichotendewa?

Mchangiaji wa pili:
Sijasema kikatwe. Nasema utangulizi wa dakika mbili hautoshi. Kama ni usiku wa filamu, anza na Stormy Weather, ifuate Swing Time. Mtu akishawaona Robinson na wale ndugu kwa macho yake, atauliza mwenyewe kwa nini Bojangles wa Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, amechezwa na mzungu wa Omaha.

Mchangiaji wa kwanza:
Umechagua vibaya basi. Stormy Weather yenyewe ina masizi! Wachekeshaji Flournoy Miller na Johnny Lee, Weusi wote wawili, wamejipaka mle ndani. Hao utawaelezaje?

Mchangiaji wa pili:
Nawajua. Majukwaa ya vichekesho ya Marekani yaliwazoesha watazamaji uso wa masizi tangu karne ya 19, na msanii Mweusi aliyetaka kuajiriwa mara nyingi alilazimika kujipaka kama wazungu wanaomwigiza. Astaire mwaka 1936 alikuwa nyota mkubwa mwenye sauti juu ya dansi zake, hadi kamera ikae wapi. Yeye alikuwa na nafasi ya kukataa.