Mwanangu amenikuta nimemtumia uongo ili kuitetea Biblia. Sasa nimjibu nini?

Mama Mshonaji, Mbeya

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni msaada, na naomba mnivumilie maana nitaandika kirefu.

Mwanangu yuko mwaka wa pili chuoni Dodoma, amerudi likizo. Jumapili ya kwanza alisema kichwa kinamuuma. Jumapili ya pili hakusema kitu, alilala tu mpaka tukarudi kanisani. Badala ya kumuuliza kuna nini, nikamtumia klipu niliyoipata kwenye grupu letu la akina mama, ile ya magurudumu ya magari ya Farao chini ya Bahari ya Shamu. Yeye yuko chumbani, mimi niko sebuleni kwenye cherehani natia pindo majoho ya kwaya. Nikasikia simu yake inalia, kisha kimya.

Baada ya kama nusu saa akaja akakaa kwenye kigoda ninachowakalishia wateja. "Mama, hayo magurudumu yapo makumbusho gani?" Nikasema sijui. "Nani aliyeyatoa majini akayapima?" Sijui. Akanionyesha kwenye simu yake kwamba hakuna gurudumu hata moja lililowahi kufikishwa kwa wataalamu likapimwa, na kwamba hata wachimbaji wa mambo ya kale ambao ni Wakristo wanaikataa habari hiyo. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza: "Mama, kama hapa mmedanganyana, nitajuaje kwamba kwingine hamkudanganyana?"

Nilikuwa nimekanyaga pedali bila kujua, uzi ukajisokota chini ya kitambaa. Nimefumua pindo lile mara mbili.

Tangu siku hiyo ameniambia mengine. Kwamba Ukristo ni dini ya Wazungu, hata babu yangu alibatizwa na Mjerumani pale Rungwe (ni kweli, sisi ni Wamoravian wa zamani). Kwamba Biblia ilitungwa na Konstantino, mfalme wa Rumi, kwenye mkutano wa maaskofu wa Nikea mwaka 325. Kwamba Yesu ni Horus, mungu wa Wamisri wa kale, wamebadilisha jina tu. Na kwamba kulikuwa na meli ya kubeba watumwa iliyoitwa Yesu. Hili la mwisho lilinikata maini, nikamwambia huo ni uongo wa shetani.

Mimi nimeishia darasa la saba. Namjua Bwana, amenivusha mwaka niliofiwa na mume wangu nikiwa na watoto watatu. Lakini historia siijui. Nimjibu nini?

Mtumishi, Kahama

Mama, usihangaike na hoja. Hekima ya dunia hii ni upuuzi mbele za Mungu. Huyo kijana ameharibiwa na chuo. Funga siku tatu, mwombee, na mnyang'anye simu akiwa nyumbani.

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Dada yangu, shalom. Nimefundisha historia sekondari miaka 31, na ni mzee wa kanisa, Mlutheri. Nitakujibu moja moja.

Ila nianze na mtumishi hapo juu. Kufunga na kuomba, amina. Kunyang'anya simu, hapana. Paulo alipofika Thesalonike alikaa sabato tatu akihojiana nao kwa maneno ya Maandiko, Matendo 17. Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini letu, na anaongeza "kwa upole na kwa hofu". Mtoto aliyeuliza ametupa heshima. Anayetisha ni yule anayekuja kanisani kila Jumapili huku moyoni ameshaondoka.

Sasa meli. Dada, hilo ni kweli. Iliitwa Jesus of Lübeck, mali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, na John Hawkins aliitumia kubeba watumwa kutoka Afrika Magharibi katika safari yake ya mwaka 1564. Rudi kwa mwanao umwambie, "Nilisema ni uongo, nimeuliza, ni kweli." Anza na hilo kabla ya jingine lolote. Ukishakubali lililo kweli, masikio yake yatafunguka.

Halafu mwambie na jambo hili. Mwaka 1807 ilichapwa London Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya West Indies vilivyotawaliwa na Waingereza. Sehemu kubwa ya Agano la Kale iliondolewa. Habari ya wana wa Israeli kutoka utumwani Misri haimo. Wagalatia 3:28, "hapana mtumwa wala huru", haimo. Muulize kijana: kama kitabu hiki kilitungwa ili kutuweka minyororoni, kwa nini wenye minyororo walilazimika kukikata mkasi kabla ya kumpa mtumwa? Mimi swali hilo nimekaa nalo miaka mingi, na ndilo lililonirudishia Biblia mkononi nilipokuwa kijana mwenye hasira kama wake.

Dini ya Wazungu. Hapa nitakaa, maana ndipo vijana wetu wanapoumia. Babu yako kubatizwa na Mjerumani ni kweli, Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Lakini huyo Mjerumani naye alipelekewa. Bonifasi, anayeitwa mtume wa Wajerumani, aliuawa mwaka 754. Mfalme Ezana wa Aksum, huko Ethiopia, alikuwa Mkristo tangu karne ya 4, akapiga sarafu zenye msalaba. Hesabu miaka hapo katikati. Augustino, ambaye makanisa ya Ulaya yamekula kwenye sahani yake hadi leo, alizaliwa Thagaste, Algeria ya sasa, mwaka 354. Na mwaka 203 pale Kartago, Tunisia ya leo, waliuawa wanawake wawili kwa sababu walikataa kumkana Kristo. Perpetua alikuwa na miaka kama 22 na mtoto anayenyonya. Felista alikuwa mtumwa, akajifungulia gerezani siku chache kabla ya kutupwa kwa wanyama. Perpetua aliandika habari za kifungo chake kwa mkono wake mwenyewe, na tunazo mpaka leo. Hao walikufa zaidi ya miaka 100 kabla ya Nikea, wakati Rumi yenyewe ilikuwa inawawinda Wakristo. Ni dini gani ya wakubwa inayoanza hivyo?

Nikea ni rahisi. Waliokutana mwaka 325 walijadili mafundisho ya Ario, kasisi wa Aleksandria, aliyesema Mwana aliumbwa. Walijadili tarehe ya Pasaka. Walitoa kanuni 20, nyingi za nidhamu ya makasisi. Katika hizo hakuna orodha ya vitabu vya Biblia. Askofu Ireneo alishaandika habari za Injili nne mnamo mwaka 180. Orodha ya kwanza tuliyo nayo inayotaja vitabu 27 vya Agano Jipya bila kuzidi wala kupungua ni ya barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Aleksandria iko Misri, Afrika. Na kuna kipande cha mafunjo (karatasi ya kale) kidogo kama kadi ya benki, kilipatikana Misri, kimehifadhiwa Manchester. Ni Yohana 18, pale Yesu anapohojiwa na Pilato. Wataalamu wengi wanakiweka karne ya 2, muda mrefu kabla Konstantino hajazaliwa.

Horus nisikuchoshe. Wanasema naye alizaliwa na bikira kama Yesu. Katika masimulizi ya Misri mama yake, Isis, alimpata kwa mumewe Osiris baada ya kuukusanya mwili wake uliokatwakatwa. Hapo hakuna bikira. Hiyo 25 Desemba wanayosema ndiyo siku waliyozaliwa wote wawili, Injili hazina.

Na grupu la akina mama, dada, uliseme jambo hili huko. Ayubu aliwauliza rafiki zake kama watamtetea Mungu kwa kusema udanganyifu, sura ya 13. Ile hadithi ya kompyuta za NASA, shirika la anga la Marekani, kwamba zilikuta imepungua siku ile jua liliposimama kwa Yoshua, ni ya aina hiyohiyo; NASA wenyewe waliikana. Tunaona ni vitu vidogo vya kutia moyo. Kumbe ndivyo vinavyowatoa watoto wetu.

Binti wa Nairobi

Mama, shikamoo. Niongeze kidogo kwa sababu mimi nilikuwa huyo kijana wako. Nilitoka kanisani miaka minne.

Haya mambo ya Horus na Nikea nilikuwa nayasema sana, na Mwalimu angekuwa karibu angenimaliza kwa dakika kumi. Lakini hayo hayakunitoa. Ndugu yangu mdogo aliugua, tukaomba, tukatoa sadaka ya uponyaji, na akafariki. Nikamuuliza kiongozi mmoja wa kanisa tulilokuwa tunaabudu, kwa nini? Akaniambia swali hilo ni roho ya uasi, na kwamba pengine nyumbani kwetu imani ilipungua. Nilitoka siku hiyo. Horus nilimpata baadaye kwenye video, nikamtumia kama kufuli.

Aliyenirudisha ni shangazi yangu, muuza mboga Kawangware, hajui mafunjo wala Athanasio. Nilimuuliza lile swali langu tukichambua sukuma. Akaacha kisu, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Sijui, mwanangu. Hata mimi nimemuuliza Mungu. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro na alijua atamfufua, sijui kwa nini alilia." Tukalia wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa kanisa kuniambia sijui.

Umesema ulifiwa na mume ukiwa na watoto watatu. Huyu kijana alikuwa na miaka mingapi? Mmewahi kuongea naye habari za baba yake? Majibu ya Mwalimu mpe yote, ni ya kweli na anayahitaji. Lakini muulize na hilo.

Mama Mshonaji, Mbeya

Nimekaa siku nne bila kujibu, mnisamehe. Mwalimu, Mungu akubariki. Binti wa Nairobi, nimesoma maneno yako nikiwa sokoni, ikabidi nikae chini.

Alikuwa na miaka tisa. Hatukuwahi kuongea.

Juzi umeme ulikatika jioni, cherehani yangu ni ya mguu lakini macho yangu gizani hayaoni uzi, basi nikaacha kazi. Nikamwambia habari ya meli, kwamba yeye alisema kweli na mimi nilikosea. Akashtuka, akaniuliza nani kaniambia. Nikamwambia pia nimeandika kwenye grupu kwamba ile klipu si ya kweli na nimeomba radhi. Wawili wamejitoa. Mmoja amenipigia kunishukuru, naye ana binti kama huyu wangu.

Halafu nikamuuliza habari za baba yake. Hayo tuliyoongea yatabaki kwetu. Tuliongea mpaka mshumaa ukaisha tukawasha tochi ya simu.

Hajasema atakuja kanisani, nami sijamuuliza. Lakini jana yeye mwenyewe aliniambia nimsomee kitu cha huko Afrika ya zamani ambacho kimo ndani ya Biblia yenyewe. Nikamsomea Matendo 8, yule towashi wa Kushi. Akanizuia pale kwenye "Kandake malkia wa Wakushi", akauliza, Kandake ni jina la mtu au ni cheo? Nikamwambia sijui, nitauliza. Mwalimu, ni jina au cheo?

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Ni cheo, dada. Ndivyo walivyoitwa malkia wa ufalme wa Kushi, mji wao mkuu ukiwa Meroe, Sudani ya leo. Mapiramidi yao bado yamesimama, mwambie ayatafute picha.

Na mwambie aangalie namba za sura. Mwafrika huyu anabatizwa sura ya 8. Sauli anaanguka njiani Dameski sura ya 9. Kornelio, yule akida wa Kirumi, zamu yake inafika sura ya 10.