Rufiji 1915: ndege ipi ilifaa kuliko zote kuisaka Königsberg?

Mzee_wa_Kilwa: Wadau kuna ubishi hapa kijiweni. Ile manowari ya Mjerumani iliyojificha delta ya Rufiji baada ya kuizamisha Pegasus, meli ya kivita ya Waingereza, pale Zanzibar Septemba 1914, Waingereza waliisaka na ndege za kila aina. Curtiss ya kutua majini, Sopwith na Short za maboya, mwisho zikaja za magurudumu. Ukiambiwa uchague moja unachukua ipi? Mi nasema Curtiss, ndo iliyoiona meli kwanza.

fundi_propela: Curtiss?? Mkuu ile ilikuwa ya maonyesho kule Durban, rubani Cutler raia tu kakodiwa, rejeta ikafa ikabidi watafute ya gari la Ford Mombasa wafunge humo 😂 Desemba 1914 akashukia huko huko deltani wakamdaka. Kuiona aliiona sikatai, ila kuona sio kuzamisha.

BintiMafia: Sopwith msizitaje kabisa. Joto la huku na unyevu gundi inaachia, ukipakia watu wawili na mabomu hainyanyuki majini. Short angalau zilipiga picha Aprili 1915 ila zilikuwa zinaruka chini mno, yaani askari na bunduki yake tu anakufikia.

kamanda_mstaafu: Henri Farman, moja ya hizo za magurudumu, mjadala umeisha. Fremu ya chuma haina habari na joto, propela iko nyuma kwahiyo mbele kweupe unaona kila kitu. Wakafyeka kiwanja Mafia. 11 Julai 1915 Cull anarusha, Arnold yuko kwenye wayalesi anawaambia Severn, meli ya mizinga ya Waingereza, kombora limeangukia wapi wasogeze wapi, maana wapiga mizinga wenyewe hawaioni meli, mikoko tupu. Ndege ikapigwa, injini ikazingua, wanaporomoka na jamaa bado anatuma masahihisho!! wakaangukia mtoni ikapinduka, boti ya Mersey, mwenzake Severn, ikawaokota wote wawili wazima.

Mzee_wa_Kilwa: Duh, huyo Arnold alikuwa na roho ya paka.

fundi_propela: Kamanda taratibu. 6 Julai ndege za magurudumu si zilikuwa hewani pia? Na meli haikuzama. Severn na Mersey zilikuwa zinapiga kwa pamoja, aliyeko juu hajui kombora hili la nani. Tarehe 11 wakapiga kwa zamu ndo mambo yakanyooka. Hapo sifa mpe aliyebadilisha mpango, sio Farman.

BintiMafia: Sawa ila kwa mpango huo huo ungewapa Sopwith, nani angekuwa juu wa kusahihisha?