Naomba ushauri: klabu yetu ya afya ya akili shuleni

Habari zenu wakuu. Nasoma kidato cha tano, shule ya bweni huku Singida. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka kwenye matibabu ya sonona, na tangu hapo akipita bwenini anaitwa "Mirembe", jina la ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Bwaloni benchi lake linabaki tupu, kana kwamba ugonjwa unaambukiza kwa kijiko.

Wachache wetu tukaanzisha klabu. Tumebandika mabango, tumeongea paredi asubuhi, tukaigiza na igizo. Mabango yamechorwa masharubu. Igizo lilipendwa, ila kwa kuchekesha tu. Sasa wanaigiza "kichaa" kila kona. Mwalimu wa ushauri nasaha yuko nasi, lakini matroni anashikilia kuwa ni majini, na wadogo wanamsikiliza yeye zaidi.

Tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tumepewa saa moja ukumbini. Naomba mnisaidie:

Tumwalike daktari, au mtu aliyewahi kuugua na sasa anaendelea na maisha yake? Wote wawili muda hautatosha.

Na huyu mwenzetu, ambaye hajatuomba lolote, tumwambie mapema au tumwache apumzike?