Njegere kwenye ndoo: wiki ya saba, majani tele, ua hata moja hakuna

Kibarazani
Wakuu habarini, naombeni ushauri. Nina ndoo 4 za lita 20, kila moja ina miche 8 ya njegere. Nilipanda mwishoni mwa Mei, sasa ina urefu wa mita moja na ushee, kijani cha kukolea, ua sijaona. Mchanganyiko ni udongo nusu, samadi ya kuku nusu, na urea kijiko cha chai kwa ndoo, mara tatu. Niko Dar, kibaraza cha ghorofani kinachotazama kusini. Mbegu ni njegere kavu za dukani.

Shamba Dogo
Piga busta ya maua (mbolea ya kunyunyizia inayochochea maua) mkuu, wiki mbili tu utaona.

Bibi Mboga
Busta haitasaidia hapo. Njegere ni jamii ya kunde, naitrojeni inajipatia yenyewe kupitia vinundu vya mizizini. Urea ni naitrojeni 46%, na hiyo samadi ingetosha robo, tena iliyooza vizuri. Mmea ukishiba hivyo hukazana na majani, maua yanasubiri. Ng'oa mche mmoja uangalie mizizi: vinundu vinavyofanya kazi ukivipasua ndani ni vyekundu au vya waridi. Acha urea kabisa. Asubuhi moja pitisha lita 10 za maji kwa kila ndoo, kidogo kidogo, yatoke chini. Kama matundu ya chini hayafiki 5, ongeza kwanza, la sivyo utaozesha mizizi.

Jua Kali
Mbolea ni nusu ya tatizo. Juni na Julai jua la Dar linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo kibaraza cha kusini hakipati jua la moja kwa moja, na huo ndio msimu pekee wenye ubaridi wa kufaa njegere huku Pwani! Hamishia ndoo panapopata jua kwa muda wa saa 6 kwa siku, hasa la asubuhi. Ndoo nyeusi izungushie kiroba cheupe, juu ya udongo tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 4. Joto likipita nyuzi 27 hivi, maua yanapukutika hata yakitoka.

Kibarazani
Nimeng'oa mmoja, vinundu hakuna kabisa. Nikate ncha zitoe matawi?

Bibi Mboga
Usikate! Maua hutokea kwenye vifundo vya juu (kifundo ni pale jani linapotokea kwenye shina), ukikata unaondoa yanakotokea. Hesabu vifundo kuanzia chini: aina za mapema huanza kuchanua kwenye kifundo cha 10 hivi, za kuchelewa hupita 14. Za dukani hazijulikani ni aina gani, huenda zako hazijafika.

Jua Kali
Na usihangaike na nyuki, ua la njegere hujichavusha kabla halijafunguka. Maganda yakianza, chuma kila baada ya siku 2. Ukiacha yakomae, mmea unasitisha maua mapya.

Kibarazani
Kifundo cha 12. Ndoo nazipandisha juu ya paa kesho.

Bibi Mboga
Huko kuna upepo, funga fito za mita 1.5 kwanza.