Mjadala: Matamshi ya Kiingereza kwa wanafunzi wadogo wa sekondari yapewe alama, au alama zote ziende kwenye usikilizaji?

Mchokonozi (mleta mada)

Kila mtaala wa Kiingereza unapopitiwa upya, pendekezo moja halikosi: mwanafunzi wa miaka 12 hadi 15 asome aya kwa sauti mbele ya mwalimu, apewe alama za matamshi kwa kipimo cha 10. Mimi napinga, na naomba nipingwe kwa hoja.

Alama hizo kwa kawaida hupima lafudhi. Watafiti wa matamshi Murray Munro na Tracey Derwing walionyesha mwaka 1995 kwamba msikilizaji anaweza kusema "huyu ana lafudhi nzito" na hapohapo akaandika maneno ya msemaji bila kukosea. Lafudhi ni jambo moja, kueleweka ni jingine. Baraza la Ulaya nalo, lilipotoa juzuu la nyongeza la viwango vyake vya lugha mwaka 2018, liliandika upya kipimo cha matamshi na kuacha kumfanya mzawa wa lugha kuwa kigezo. Halafu sisi tumkate alama mtoto wa miaka 13 kwa kuwa hasikiki kama mtangazaji wa London?

Pendekezo langu: alama zote za sauti zihamie kwenye usikilizaji. Matamshi yaendelee kufundishwa, lakini kazi yake iwe kunoa sikio.

Chaki Mkononi

Mtihani wa kusoma aya kwa sauti ufutwe hata leo, hapo sina ubishi. Unachanganya matamshi na tahajia. Mtoto anayetamka herufi b kwenye "comb" au s kwenye "island" hana tatizo la ulimi, ameyaamini maandishi tu. Ila ukiondoa alama kabisa, mwalimu mwenye silabasi ndefu ataruka matamshi yote, na sijui utamlaumu kwa lipi.

Kueleweka kunaweza kupimwa bila kugusa lafudhi. Mwanafunzi A anapewa neno, B ana picha nne: ship, sheep, chip, shop. A anasema "I can see a..." na kumalizia na neno lake, B anaonyesha picha. Akipatia mara ya kwanza, alama 2. Akipatia baada ya A kurudia, alama 1. Wakishindwa, hakuna kitu. Sentensi iwe ileile kwa maneno yote manne. Ukiruhusu "The ship is on the sea", B atajibu kwa kufuata bahari na hutakuwa umepima irabu hata kidogo.

Irabu Tano

Mwalimu Chaki, jaribio zuri lakini lina tundu: kama B mwenyewe hasikii tofauti ya ship na sheep, A anaadhibiwa kwa sikio la mwenzake. Na kinyume chake, wawili wenye lugha mama moja huelewana kwa makosa yaleyale. B awe mwalimu, au mwanafunzi aliyekwisha kufaulu zoezi la kusikia jozi hizo. Ndiyo maana sikio lazima litangulie.

Tazameni hesabu yenyewe. Kiswahili kina irabu 5. Kamusi nyingi za Kiingereza cha Uingereza huhesabu 20, ukijumuisha zile zinazoanzia sehemu moja ya kinywa na kuishia nyingine. Kwa hiyo cat, cut na cart zote zinatua kwenye "a" moja ya mwanafunzi. Kumwambia afungue mdomo zaidi hakusaidii ikiwa anasikia neno moja mara tatu.

Mazoezi ya sikio yana ushahidi wake. Logan, Lively na Pisoni, mwaka 1991, waliwafundisha Wajapani kutofautisha r na l kwa kuwasikilizisha sauti za watu mbalimbali, kila jibu likifuatwa papo hapo na taarifa ya kama ni sahihi. Mwaka 1997 Bradlow na wenzake wakaonyesha kwamba mafunzo ya kusikia peke yake yaliboresha hata utamkaji. Darasani hiyo ina maana ya dakika 10, sauti nne au zaidi za kike na za kiume, wanafunzi wanaonyesha kidole kimoja kwa ship na viwili kwa sheep, jibu linatolewa mara moja, kisha neno linalofuata. Jozi isiwe moja tu. Changanya na live na leave, fill na feel, chip na cheap.

Sasa mahali zoezi linapoharibika, maana ndipo wengi wanapokatia tamaa. La kwanza ni kiimbo. Mwalimu akisema jozi mfululizo, kwa mazoea hupandisha sauti kwenye neno la kwanza na kuishusha kwenye la pili, kama anayesoma orodha. Wanafunzi wanafuata wimbo, wanapata zote, mwalimu anafurahi, na kesho yake neno likija peke yake hawalijui. Kila neno lishushwe sauti mwishoni. La pili ni midomo: "ee" ya sheep inatandaza midomo, na watoto wana macho makali. Funika mdomo kwa karatasi. La tatu ni mpangilio. Kama ship hutangulia kila mara, hakuna anayesikiliza tena.

La nne limejificha. Tunawaambia wanafunzi kwamba sheep ni ndefu na ship ni fupi, basi. Lakini Kiingereza hufupisha irabu mbele ya konsonanti sighuna, zile zisizotetemesha koo kama t. Irabu ya beat inaweza kuwa na urefu sawa na ya bid au hata kuwa fupi kuliko hiyo, ingawa kamusi inaiita ndefu. Anayetegemea urefu pekee atachanganyikiwa hapo. Mweleze pia kwamba ulimi uko juu na mbele zaidi kwenye beat, na umelegea kidogo kwenye bid.

Na tafadhali, muda usipotezwe kwenye th. Vitabu vinavyotoka nje huipa kurasa kadhaa kwa sababu Wafaransa na Wajerumani wanahangaika nayo. Anayesema thamani na dhahabu sawasawa anazo sauti zote mbili tayari. Kinachobaki ni kumwonyesha ipi iko kwenye think na ipi kwenye this.

Mtahini Mstaafu

Mnauzungumzia usikilizaji kana kwamba mtihani wake ni safi. Hebu tuufungue.

Mwanafunzi anasikiliza kinasa sauti, anasoma swali, anakumbuka, anaandika. Akikosa, kimekosa kipi? Inaweza kuwa ni kusoma, au kumbukumbu, au spika iliyowekwa mbele kwenye chumba chenye mwangwi, na wa viti vya nyuma hawapati konsonanti za mwisho wa maneno. Sauti kama s, f na t ndizo za kwanza kupotea. Upande wa pili, swali likiwa "What time does the bus leave?" na kwenye mazungumzo yote umetajwa wakati mmoja tu, anayeambulia tarakimu hiyo atapata alama bila kuelewa safari inakwenda wapi. John Field aliyaeleza haya vizuri mwaka 2008: jibu sahihi halikuonyeshi mwanafunzi alilifikiaje.

Kwa hiyo kama alama zinahama, masharti yafuate. Maswali yasomwe kabla ya kusikiliza, kwa dakika moja. Rekodi ichezwe mara mbili. Ziwepo saa mbili au bei mbili kwenye mazungumzo, moja ikiwa ya kupotosha. Majibu yawe ya neno moja hadi matatu, na tahajia isikatwe alama ilimradi neno linatambulika.

Nina ugomvi mwingine, na huu ni wa matamshi yenyewe. Nyote mmesema irabu, hakuna aliyesema mkazo, yaani silabi ipi itamkwe kwa nguvu zaidi. Jennifer Jenkins mwaka 2000 aliuacha mkazo wa neno nje ya orodha yake ya mambo ya lazima kwa Kiingereza cha kimataifa, akiona haufundishiki kwa kanuni. Sikubaliani naye. Cutler na Carter walionyesha mwaka 1987 kwamba karibu asilimia 90 ya maneno yenye maana kamili katika mazungumzo ya Kiingereza huanza na silabi nzito, yaani yenye irabu kamili isiyofifia. Aliyezoea lugha hiyo hutumia silabi nzito kubashiri kwamba neno jipya limeanza. Ukiihamisha, unampeleka kwenye neno jingine.

Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwanafunzi anaubeba hivyohivyo. Tazameni matokeo yake. Maneno yanayoishia na -tion na -ic anayapatia bure, kwa kuwa Kiingereza nacho huweka mkazo palepale: eduCAtion, ecoNOmic. Anaanguka kwenye -ity, -logy, -ical na -graphy, ambako mkazo unarudi hadi silabi ya tatu kutoka mwisho: elecTRIcity, biOlogy, poLItical, phoTOgraphy. Yeye husema bioLOgy. Hiyo ni kanuni ya dakika 5 ubaoni, na inagusa majina ya masomo anayosoma kila siku. Iweje tuseme haifundishiki?

Mchokonozi

Hoja ya mkazo naipokea. Lakini mzee wangu, umenisaidia mimi: umetetea mkazo kwa sababu ya msikilizaji. Ugeuze upande wa pili. Mwanafunzi anayezipa silabi zote uzito sawa hawezi kusikia maneno madogo yaliyomezwa. "To", "of", "can", "was" katika usemi wa kawaida hubaki na shwa, ile irabu fupi isiyo na nguvu, ambayo ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza. Anasubiri "kan" kamili. Inakuja "kn", inapita. Mbaya zaidi ni can na can't. Anasikilizia t, na t hiyo mara nyingi haitamkwi waziwazi. Tofauti iko kwenye irabu: can imefifia, can't ina nguvu.

Dawa yake ni imla fupi. Sentensi 8, kila moja ya maneno 6 hadi 9, yote wanayoyajua kwa maandishi. Mwalimu anasema sentensi mara moja kwa kasi ya kawaida. Wanaandika idadi ya maneno tu. Mara ya pili wanaandika maneno. Mara ya tatu wanajaza mapengo. Kisha maandishi yanafunuliwa na kila mmoja anaweka alama ya duara kwenye neno alilolijua lakini hakulisikia, na mstari chini ya neno asilolijua kabisa. Duara zikijaa kwenye maneno madogo, tatizo ni sikio. Mistari ikizidi, tatizo ni msamiati, na hakuna zoezi la sauti litakalolitibu.

Kosa kubwa hapa ni huruma. Mwalimu anaona nyuso zimekunjamana, anapunguza kasi, anatamka neno mojamoja. Papo hapo shwa zote zinatoweka na kilichokuwa kinafundishwa kimeondoka. Ukitaka kuwapa nafasi, nyamaza sekunde mbili kati ya vifungu; ndani ya kifungu usiguse kasi.

Irabu Tano

Naongeza onyo: shwa ifundishwe ili isikike. Kulazimisha mtoto ameze irabu anapozungumza kunaweza kupunguza kueleweka kwake, hasa akizungumza na mtu mwingine ambaye Kiingereza si chake. Hapo Jenkins yuko sahihi.

Chaki Mkononi

Mmesahau konsonanti zinazobanana. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, kwa hiyo mwanafunzi anachomeka irabu: "sport" inakuwa na silabi mbili na msikilizaji anapokea "support". "Walked" inakuwa wal-ki-di. Kwa mwisho wa neno, tumieni kuunganisha na neno linalofuata: "walked in" igawanywe kama "walk-tin", na t inapata irabu halali ya kukalia. Kwa mwanzo wa neno, ivute s peke yake kwa sekunde moja, kisha "port", halafu fupisha s polepole. Koo lisitetemeke wakati wa s. Wakiweka vidole shingoni wanaigundua ile "u" ya wizi mara moja.

Darasa Kubwa

Wataalamu, nauliza kwa adabu. Darasa lina wanafunzi 70. Nikimpa kila mmoja dakika 3 za mtihani wa kuzungumza, ni dakika 210, yaani vipindi vitano vya dakika 40 na bado kuna wanaosubiri nje. Haya ya picha nne yanafanyikaje?

Mtahini Mstaafu

Usiwaite mmojammoja. Wawili wawili, kila mmoja maneno 6, hiyo ni dakika 2 kwa jozi: dakika 70 kwa darasa zima, vipindi viwili. Mwalimu ndiye anayeonyesha picha, ile hoja ya sikio la mwenzake ni ya kweli. Na kipimo kisiwe cha alama 10, kwa sababu hakuna mtahini anayeweza kueleza tofauti ya 6 na 7. Kiwe na ngazi tatu: ameeleweka mara ya kwanza, ameeleweka baada ya kurudia, hakueleweka. Kabla ya kuanza, walimu wawili wawasikilize wanafunzi walewale watano na kulinganisha walichoandika. Wakitofautiana kwa zaidi ya mmoja kati ya hao watano, waongee kwanza.

Ila kati ya maneno hayo 6 nataka mawili yawe ya mkazo, biology na electricity, na aliyehamisha mkazo asipate ngazi ya juu.

Mchokonozi

Hata kama umemwelewa?

Mtahini Mstaafu

Unamwelewa kwa sababu umezoea kosa lake. Msikilizishe rekodi yake mtu asiyejua Kiswahili, neno likiwa ndani ya sentensi isiyolitabiria, uone ataandika nini.

Mchokonozi

Basi tukubaliane kwa hilo jaribio, si kwa kanuni. Maneno kumi yenye mkazo uliohamishwa, sentensi zisizobashirika, wasikilizaji watatu wasiojua Kiswahili. Maneno watakayoyakosa yaingie kwenye orodha ya mtihani. Watakayoyapata, mwache mtoto na lafudhi yake.